Jirani Aliyetangulia: Kisa cha Nyanya, Minyoo Fundo na Marejea katika Bustani ya Ndanda

Bustani ninayoichambua hapa iko Ndanda, wilayani Masasi, chini ya mteremko wa uwanda wa Makonde, mahali ambapo chemchemi zitokazo mlimani huwawezesha watu kulima mboga hata mwezi wa Septemba, wakati vijiji vya juu vinahesabu ndoo za maji. Ni bustani ya mama mdogo wangu. Ina matuta 16, kila tuta lina urefu wa mita 10 hivi, na imepakana upande mmoja na mfereji na upande wa pili na mikorosho ya jirani. Nimeifuatilia kwa misimu minne, kuanzia 2021 hadi 2024. Mwanzoni nilikuwa mtoto wa nyumbani anayekuja kusaidia kumwagilia, na baada ya nyanya kuharibika mara mbili mfululizo nikaanza kuandika kwenye daftari kila nilichokiona. Naeleza kisa hiki kwa sababu habari za mimea rafiki, yaani mimea inayopandwa ili ikinge mazao dhidi ya visumbufu, husimuliwa mara nyingi kana kwamba kazi yake ni kusimama kando ya zao na kulifukuzia wadudu kwa harufu. Katika bustani hii, mmea uliosaidia kuliko mingine yote haukuwahi kusimama kando ya nyanya hata siku moja.

Kiangazi cha 2021 nyanya zilidumaa. Hazikufa kwa pamoja. Zilianza kwenye matuta mawili ya karibu na mfereji, zikawa na majani ya njano njano, zikanyauka saa saba mchana ingawa udongo ulikuwa na unyevu, na jioni zikainuka tena kama vile hakuna kilichotokea. Mama mdogo alidhani ni ugonjwa wa mnyauko. Jirani alisema ni kantangaze, kwa kuwa tangu nondo huyo aingie nchini mwaka 2014 kila nyanya inayoharibika hubebeshwa jina lake. Ilipofika Agosti, bomba la mgongoni lililotoka kwenye mikorosho likaletwa bustanini likiwa na kiuatilifu kilichobaki, na matuta yote ya nyanya yakapulizwa. Jambo hili hufanyika katika mashamba mengi ya kusini, na halifai kunyamaziwa: kiuatilifu cha mikorosho mara nyingi hakina maelekezo ya matumizi kwenye mboga, wala hakuna anayeweza kumwambia mlimaji asubiri siku ngapi kabla ya kuchuma. Nyanya za matuta yale hatukuziuza wala kuzila. Tulizifukia, na hali ya mimea haikubadilika.

Mwaka uliofuata ndipo mimea rafiki ilipoingia. Binamu yangu alikuwa amesikia kwamba maua ya marigoldi hufukuza minyoo na wadudu wa nyanya, akaleta miche kutoka kwa wauza maua wa mjini Mtwara. Tuliipanda mstari mmoja kuizunguka bustani nzima, tukaongeza mrehani kwenye vichwa vya matuta, na kwa sababu mama mdogo alikuwa amefundishwa zamani kwamba zao moja lisirudiwe mahali pamoja, matuta yaliyokuwa na nyanya mwaka 2021 yakapandwa bamia, na yale ya bamia na bilinganya yakapandwa nyanya. Bustani ilipendeza. Wapita njia walisimama kuitazama. Kufikia mwisho wa Julai, nyanya zilikuwa zinanyauka mchana na kuinuka jioni kama mwaka uliotangulia, na safari hii bamia nazo zilikuwa fupi.

Hapa ndipo tulipofanya kile ambacho tungekifanya tangu siku ya kwanza. Nilimwomba mama mdogo anipe mche mmoja ambao tayari alikuwa amekata tamaa nao, nikauchimbua kwa jembe pande zote badala ya kuuvuta, kwa kuwa ukivuta, mizizi myembamba hukatika na kubaki ardhini, na hiyo ndiyo yenye habari. Tuliketi chini ya mwembe na karai la maji, nikaiosha mizizi polepole mpaka udongo wote ukatoka. Mizizi haikuwa mizizi. Ilikuwa imevimba mafundo mafundo kama shanga zilizotungwa ovyo, mengine madogo kama kichwa cha kiberiti, mengine yameungana na kuwa makubwa kama njugu mawe, na ile mizizi myembamba kama nywele, inayofyonza maji, ilikuwa karibu yote imetoweka. Nilikata fundo moja kwa wembe. Ndani, ukielekeza jicho kwenye mwanga, palikuwa na vitone vyeupe vinavyong'aa, vidogo kama chembe ya chumvi. Hao ni majike wa minyoo fundo, minyoo wa udongoni wanaoishi ndani ya mizizi.

Mama mdogo aliushika mzizi ule, akaugeuza mara mbili tatu, akasema, "Mwanangu, kumbe tulikuwa tunampuliza mgonjwa usoni na ugonjwa uko miguuni."

Ili asibaki na shaka, tulichimbua na mche wa kunde uliokuwa ukijiotea kando ya mfereji, kwa kuwa kunde nazo huwa na vinundu na wengi huvichanganya na mafundo ya minyoo. Tofauti inaonekana kwa jicho na kwa kidole. Vinundu vya kunde vimebandikwa ubavuni mwa mzizi, ukivisugua vinabanduka, na ukikipasua kimoja kilicho hai utakuta rangi ya waridi ndani. Hivyo ni vya manufaa, vinaipatia kunde naitrojeni. Fundo la mnyoo halibanduki, kwa maana ni mzizi wenyewe ulioumuka. Kunde yetu ilikuwa na vyote viwili.

Baada ya karai lile, makosa ya 2022 yalieleweka yenyewe. Mnyoo fundo anayetoka kwenye yai ana urefu usiozidi nusu milimita hivi, haonekani kwa macho, na kwa nguvu zake mwenyewe hasafiri mbali. Anayemsambaza ni maji ya mfereji, jembe lenye udongo, miguu yetu na miche. Akiishaingia kwenye mzizi hukaa humo, na jike hutaga mayai kwa mamia katika kifuko cha utelezi. Katika udongo wenye joto kama wa kwetu, kizazi kimoja hukamilika kwa takriban mwezi mmoja, kwa hiyo nyanya inayokaa ardhini miezi minne inaweza kulea vizazi vitatu au vinne. Udongo wa kichanga, ambao ndio wa bustani hii, humrahisishia kupita.

Sasa liangalie ua la marigoldi lililopandwa ukingoni. Sifa yake si ya uongo. Mizizi yake ina kemikali iitwayo alfa-terthienili, inayowaua minyoo wanaojaribu kuingia, na jambo hilo limethibitishwa kwa miaka mingi. Lakini kemikali hiyo hufanya kazi ndani ya mzizi na katika udongo uliogusana nao. Mstari mmoja wa maua kando ya bustani husafisha mstari huo huo, basi. Ili marigoldi lisaidie nyanya, linatakiwa lijaze tuta zima, mche karibu na mche, kwa miezi miwili hadi mitatu, kisha liondolewe au lichimbiwe ndipo nyanya ziingie. Kupandwa kando kwa wakati mmoja na nyanya kunalifanya liwe pambo, na katika kiangazi kikavu linaweza hata kuwahifadhi utitiri wekundu, ambao nao hupenda nyanya.

Kosa la pili lilikuwa mzunguko wa mazao. Nyanya, bilinganya na bamia ni vyakula vitatu tofauti mezani kwetu, ila kwa mnyoo fundo ni sahani moja. Bamia ni miongoni mwa mboga zinazomlea sana. Mama mdogo alikuwa ameifuata kanuni kwa uaminifu, na kanuni ile ile, kwa kuwa hakuna aliyemweleza mazao gani yanashirikiana adui gani, ikawa inamhamishia minyoo kutoka msimu hadi msimu. Hata mahindi, ambayo hayaoneshi mafundo ya kutisha, yanaweza kuwatunza baadhi ya minyoo hao kimyakimya. Kosa la tatu lilikuwa kitalu. Kila mwaka miche ilioteshwa mahali pale pale, nyuma ya jiko, karibu na papai la miaka mingi, na tulipochimbua mizizi ya papai tukaona mafundo. Tulikuwa tunapanda ugonjwa kwa mikono yetu.

Kwa mwaka 2023 tulikuwa na njia mbili. Kujaza matuta marigoldi kulihitaji miche mingi ya kununua. Njia ya pili ilikuwa marejea, mmea wa jamii ya mikunde wenye maua ya njano, ambao wazee wengi wa kusini wanaufahamu, kwa sababu katika miaka ya 1980 Wabenedikti wa Peramiho, mkoani Ruvuma, waliueneza sana kama mbolea ya kijani. Marejea ni wa jenasi, yaani kundi la mimea jamaa, iitwayo Crotalaria, na mimea mingi ya jenasi hiyo humfanyia mnyoo fundo jambo la ajabu: mnyoo huingia kwenye mzizi kama kawaida, lakini hupungukiwa na chakula anachohitaji ili akomae, na wengi hufa bila kutaga. Mmea wenyewe unakuwa mtego. Ukichimbiwa ukiwa mbichi, unaongeza mboji na viumbe wa udongoni ambao baadhi yao huwala minyoo na mayai yao.

Mama mdogo hakukubali mara moja, na pingamizi lake lilikuwa la haki. "Masika yote ardhi yangu ilale na majani ambayo sili wala siuzi?" Matuta yale wakati wa mvua humpatia mahindi mabichi na kisamvu cha kunde cha nyumbani. Hakuna maelezo ya minyoo yanayoweza kufuta hesabu hiyo. Tukakubaliana nusu kwa nusu: matuta manane yaingie marejea, manane yabaki na mahindi na kunde, na kiangazi nyanya zipandwe matuta sita, matatu kutoka kila upande. Kwake ilikuwa njia ya kutopoteza vyote; kwangu ilikuwa fursa ya kulinganisha. Mbegu hatukuzipata katika duka la pembejeo la karibu, ikabidi ndugu aliyeko Songea atutumie kwa basi la kupitia Tunduru.

Tulizimwaga wiki ya kwanza ya Februari 2023, nene kuliko nilivyoona ni lazima, na ninafurahi tulifanya hivyo, kwa sababu marejea yaliyosongamana yalifunika ardhi upesi na magugu hayakupata nafasi. Hilo ni muhimu kuliko linavyoonekana: mnavu unaojiotea katikati ya marejea ni jamaa wa nyanya, na ukiachwa, minyoo watakuwa na pa kukimbilia. Tuling'oa kila tuliouona. Katikati ya Aprili, maua ya kwanza yalipoanza kufunguka, tukakata, tukakatakata vipande vifupi kwa panga na kuvifukia, kisha tukaacha ardhi ipumzike hadi mwisho wa Mei. Tuta moja lilichelewa kwa sababu ya msiba uliotupata, likakatwa Mei mashina yakiwa yamekuwa magumu kama fito. Wakati wa kupanda, vipande bado vilikuwa vizima ardhini, na miche ya tuta hilo ikawa ya njano kwa wiki kadhaa, maana mashina makavu yakiwa yanaoza huichukua naitrojeni ya udongo kwanza. Anayetaka kuyatumia marejea na asiingoje mbegu, isipokuwa kwenye kipande alichokitenga kwa ajili ya mbegu, na hicho kikae mbali na mbuzi, kwa sababu mbegu za mimea mingi ya jenasi hii zina sumu kwa mifugo.

Kitalu nacho tulikihamisha, tukakiweka juu ya udongo mpya uliochomwa kwa pumba za mpunga. Miche ya matuta yote sita ilitoka humo, kwa hiyo tofauti iliyoonekana baadaye baina ya matuta haikutokana na miche.

Mwishoni mwa Septemba tulichimbua mimea mitano katika kila tuta la nyanya, kumi na mitano upande huu na kumi na mitano upande ule, tukaiosha yote kwenye karai lile lile. Upande uliotanguliwa na mahindi na kunde, mimea yote ilikuwa na mafundo, na zaidi ya nusu ilikuwa na mizizi iliyovimba kiasi cha kutotambulika. Upande wa marejea, mingi ilikuwa na mafundo pia, ila machache na madogo, yakiwa kwenye ncha za mizizi, dalili kwamba minyoo walichelewa kuingia na nyanya ilikuwa imekwishajenga mizizi yake. Miwili tu ilikuwa na hali mbaya, na yote miwili ilitoka kwenye kichwa cha tuta kinachopokea maji ya mfereji kutoka bustani za juu.

Mavuno yalikuwa makubwa waziwazi upande wa marejea, lakini ningekosea kama ningeyahesabu yote kuwa ni ushindi dhidi ya minyoo. Marejea huacha naitrojeni na mboji, na nyanya ingestawi zaidi hata kama pasingekuwa na mnyoo hata mmoja. Ndiyo maana naitegemea mizizi kuliko matenga. Matenga yananionesha kuwa mmea ulipata kitu. Mizizi inanionesha ni nini kilichopungua.

Mwaka 2024 ulitupa somo jingine. Matuta mawili yaliyokuwa na marejea yalirudishiwa mahindi masika, na nyanya zake za kiangazi zikawa na mafundo mengi tena, pungufu kidogo tu ya yale yasiyowahi kupumzishwa. Nafuu ya msimu mmoja haidumu. Palipofanya vizuri ni tuta lililopata marejea 2023, likapandwa karanga masika ya 2024, kisha nyanya, kwa kuwa kwa kawaida karanga haziwalei minyoo fundo wa aina zinazosumbua zaidi nyanya. Karanga zinaliwa na zinauzwa, na kwa mama mdogo hilo lilimaliza mjadala kuliko daftari langu.

Kuna aliyetushauri tununue mbegu ya nyanya yenye ukinzani dhidi ya minyoo fundo, ile ambayo pakiti yake ina herufi N. Ushauri ni mzuri, na tuliufuata kwa tuta moja. Ifahamike tu kwamba ukinzani huo hutokana na jeni iitwayo Mi, iliyochukuliwa kwenye nyanya pori ya Amerika ya Kusini, na jeni hiyo hulegea udongo unapopita nyuzi joto 28 hivi. Kwetu Oktoba udongo mtupu hupita hapo bila shida. Matandazo ya nyasi, kwa kuupoza udongo, yanausaidia ukinzani huo kuliko watu wanavyodhani.

Nimeyaandika ya ardhini kwa kirefu kwa sababu ndiyo yaliyokuwa tatizo. Juu ya ardhi, mimea rafiki tuliyoipanda kando kwa kando ilifanya kazi kwa namna nyingine. Giligilani tulizoziacha zichanue karibu na bamia ziliwaita nzi wenye mistari ya njano na nyeusi, wanaoelea hewani kama nyigu wadogo. Nzi hao hunywa nekta, lakini watoto wao hula vidukari. Nilimwona mmoja upande wa chini wa jani la bamia: funza wa kijani asiye na miguu, alipapasa kati ya vidukari, akamkamata mmoja, akamwinua juu hewani, akamfyonza mpaka likabaki ganda, akaliachia na kuendelea na mwingine. Hapo nilielewa kwa nini dawa ya mikorosho ya 2021 ilifuatiwa na vidukari wengi kuliko kabla yake.

Kuhusu mrehani, siwezi kudai kuwa harufu yake ilifukuza chochote. Matuta yaliyochanganywa mrehani yalikuwa na nzi weupe wachache kiasi, lakini huenda sababu si harufu. Mwaka 2000 watafiti wawili wa Uingereza, Stan Finch na Rosemary Collier, walieleza kwamba mdudu anayetafuta kabichi hutua kwenye chochote cha kijani, hupima kwa miguu, na akikosea mara kadhaa huondoka. Mimea ya kijani isiyo zao lake humkosesha kwa wingi wake tu. Kama ni hivyo, hata kitunguu au mchicha ungefanya kazi ile, sharti tu uwe wa kutosha na uifunike ardhi kati ya mimea. Vichwa vya matuta havitoshi.

Kwa kantangaze hatukupata mmea wowote wa kusimama naye. Tulichoweza ni kuchuma majani yenye michirizi kila asubuhi, kuyafunga kwenye mfuko wa plastiki na kuuanika juani, na kufukia mabaki yote ya nyanya siku ile ile ya mavuno ya mwisho.

Kwa sasa matuta ya karibu na mfereji yamo katika mpango wa marejea kwa masika mbili mfululizo, na kichwa chake kimechimbiwa kijitaro ili maji ya bustani za juu yasiingie moja kwa moja. Mbegu tunazivuna wenyewe kwenye kona ya mikorosho. Bomba la mgongoni halivuki tena mpaka ule. Karai limebaki chini ya mwembe, na mama mdogo haling'oi tuta lolote siku hizi kabla hajachimbua mimea mitano na kuiosha, akaniita nije nitazame.